Kabla Hujanunua Begi la Lenzi, Nisikilize Kwanza



Kuna swali moja naulizwa kuliko yote. Si kamera gani natumia, si napataje wateja. Ni hili: "Sis, hilo begi ulinunua wapi?" Juzi nilikuwa juu Menengai nikiwapiga picha vijana waliomaliza chuo, wamevaa majoho yao, upepo unawapeperusha kama bendera. Mmoja wao, badala ya kuangalia kamera, akawa anaangalia begi langu. Akaniambia, "Hiyo ni ya majuu, si ndiyo?"

Hapana, si ya majuu. Ni ya hapa hapa Nakuru, imeshonwa nyuma ya soko na mama ambaye hajawahi kushika lenzi maishani mwake. Na nilifika kwake kwa aibu, si kwa ujanja. Leo nitawaambia yote, kwa sababu naona vijana wengi wakirudia kosa langu na kosa lenyewe ni ghali.

Kwanza tupime uzito. Wengi hununua begi kwa macho. Mimi nataka ununue kwa mizani. Chukua vifaa vya kawaida vya mtu wa harusi hapa kwetu. Canon 6D ikiwa na betri ni kama gramu 770. Lenzi ya 24-70mm f/2.8, lile toleo la pili, ni gramu 805. Ile ndefu nyeupe, 70-200mm f/2.8, inakaribia kilo moja na nusu. Kale ka 50mm f/1.8 tunakoanzia karibu wote ni gramu 160 tu. Jumlisha uone: umepita kilo tatu na gramu mia mbili. Hapo bado hujaweka flashi, betri, chaja, pawabenki na chupa ya maji. Ukishaviweka, unabeba kama pakiti mbili za unga wa ugali kwa bega moja, tangu saa moja asubuhi nyumbani kwa bibi harusi mpaka jioni keki ikikatwa.

Sasa niambie, kuna mtu anaweza kubeba pakiti mbili za unga siku nzima kwa mfuko aliouchagua kwa sababu rangi yake inapendeza? Lakini ndivyo tunavyofanya.

Mimi nilianza na begi la mgongoni, kama kila mtu. Nilikuwa nalo Juni 2023 tulipoenda kuona Safari Rally. Kwa wale hamfuatilii, mashindano haya yalianza 1953, yakatoka kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya 2002, yakarudi 2021 na makao yakawa Naivasha. Sisi tulienda upande wa Elementaita, kule Sleeping Warrior, karibu na kile kilima kinachofanana na mtu aliyelala chali. Mkienda huko mtajua maana ya vumbi. Madereva wanaliita fesh-fesh. Si vumbi la kawaida la barabara ya mtaani. Ni laini kama unga uliochekechwa mara mbili, gari likiligusa linapaa kama moshi na halina haraka ya kushuka.

Nilikuwa na 50mm kwenye kamera, nikataka kubadilisha niweke ndefu ya kuazima. Na hapo ndipo shida ya begi la mgongoni inapoanza: huwezi kulifungua likiwa mgongoni. Lazima ulivue, uliweke chini, upige magoti, ufungue zipu yote, mdomo wazi kama kiboko. Nikasikia helikopta. Ukisikia helikopta kwenye rally ujue gari liko nyuma yake. Nikababaika. Gari likapita, watu wakapiga mayowe, na mimi nikiwa nimepiga magoti, begi wazi, kamera haina lenzi, vumbi likatua kila mahali taratibu kama mtu anayetandika kitanda.

Ile picha niliikosa. Zilizofuata zilitoka na madoa meusi angani, yale ya vumbi lililokaa kwenye sensa. Nilitumia wiki nzima kuyafuta moja moja kwenye kompyuta.

Kwa hivyo nikaamua: begi la bega. Hoja yake ni rahisi. Linakaa ubavuni, unalivuta mbele ya tumbo, unafungua kidogo, unatoa moja unarudisha nyingine, unafunga. Hupigi magoti, huweki kitu chini. Mtu wa harusi, wa mkutano, wa mechi pale Afraha, huyo anabadilisha lenzi mara nyingi na anasimama sehemu moja kwa muda. Begi la bega ni lake. Mtu wa kutembea Hell's Gate tangu asubuhi mpaka jioni, huyo abebe la mgongoni, mgongo wake utamshukuru. Msiwasikilize watu wanaosema moja ni bora kuliko lingine. Uliza kwanza: leo natembea sana, au nabadilisha sana?

Hoja yangu ilikuwa sawa. Begi nililonunua ndilo halikuwa sawa.

Nililiona limetundikwa kando ya barabara mjini, jeusi, lina mifuko mingi, zipu zinang'aa. Shilingi 900. Kimsingi lilikuwa begi la laptop, lakini niliweka taulo mbili ndani nikajiona fundi. Mkanda wake ulishikiliwa na klipu mbili za plastiki, moja kila upande. Sikuziangalia mara mbili. Nani huangalia klipu?

Miezi miwili baadaye nikapata harusi Njoro, kazi yangu kubwa ya kwanza peke yangu. Sikuwa na lenzi ndefu. Kuna mzee mmoja mwenye studio ambaye ndiye aliyenifundisha kazi hii, mimi humwita Mzee tu. Nilienda kumwomba ile 70-200 yake. Hakuniuliza maswali. Aliifunga kwenye kifuko chake, akanipa kwa mikono miwili, akasema, "Jumapili asubuhi, msichana wangu."

Nikapanda nduthi ili nifike mapema. Tuko karibu kufika, dereva akapita tuta kwa kasi kidogo, si kasi ya ajabu, ile ya kawaida tu. Nikahisi bega limekuwa jepesi.

Mnajua ule wepesi? Kwa sekunde moja unahisi raha, halafu unaelewa.

Klipu moja ilikuwa imekatika. Begi lilipiga lami, likabingirika, zipu ikaachia, na ile lenzi ya Mzee ikatoka ikaenda kulala kando ya barabara kama mtoto aliyeanguka na bado hajaanza kulia. Filta ya mbele ilivunjika vipande. Pete ya kufokasi ilikwama. Nilipoitikisa kidogo, kuna kitu ndani kiligonga.

Harusi niliipiga. Nilitumia 50mm, nikawa nasogea mpaka karibu na madhabahu, mchungaji ananiangalia kwa jicho baya. Picha zilitoka, maharusi walifurahi, lakini mimi siikumbuki sherehe. Ninachokumbuka ni kile kifuko kilichokuwa kwenye kiti cha nyuma, kimefungwa vizuri, kama vile hakuna kilichotokea.

Na hapa niwe mkweli kwenu, kwa sababu hii ndiyo sehemu ambayo huwa siisimulii. Usiku ule nilikaa kitandani nikiifuta ile lenzi. Nilifuta vumbi lote. Nilitafuta filta nyingine niliyokuwa nayo, nikajaribu kama inaingia. Ukiangalia kwa haraka, ilikuwa inaonekana nzima. Nilishaanza kupanga maneno: nitampa Mzee, nitasema asante, akija kugundua baadaye nitasema mimi niliirudisha ikiwa sawa. Labda ilikwama yenyewe. Vitu huzeeka, si ndiyo?

Mama alikuwa jikoni anatoa viazi kwenye kiondo chake. Aliniangalia tu, akajua. Akina mama wako hivyo. Nikamweleza. Hakunigombeza. Aliendelea na viazi vyake, kisha akasema, "Kitu cha wenyewe kinarudi na habari yake." Halafu akanyamaza.

Wahenga walishasema cha kuazima hakisitiri matako, na mimi nilikuwa uchi kabisa.

Jumapili nilienda. Nilimweleza Mzee kabla hajaifungua. Aliichukua, akaiinamisha huku na huku, akasikiliza ule mgongano wa ndani. Akaniuliza, "Ilikuponyoka mkononi?"

"Hapana, Mzee. Begi lilikatika."

"Nionyeshe."

Nikampa begi. Hakuangalia zipu wala mifuko. Alienda moja kwa moja kwenye ile klipu, akaichomoa, akaiweka kwenye kaunta kando ya lenzi.

"Hii ni shilingi ngapi?"

"Sijui. Kumi?"

"Kumi," akasema. Akaziacha pale, ile ya kumi na ile ya mamia ya kumi, ziko bega kwa bega, mpaka mimi nikaangalia chini. Halafu akaniambia kitu ambacho sikutarajia. "Utanilipa polepole. Lakini usiniletee hata shilingi moja kabla hujapata begi la maana. Ukinilipa na bado unabebea hivi, utaharibu ya mwingine."

Kuitengeneza Nairobi ilikuwa 23,000. Kwa mtu ambaye harusi yake kubwa ya kwanza ilikuwa 15,000, pigeni hesabu wenyewe.

Nikaanza kutafuta begi. Yale ya kampuni kubwa niliyaona kwenye maduka na kwenye simu, na bei zake zilinifanya nizime simu. Hapo ndipo nilipokumbuka yule mama anayeshona mabegi ya shule nyuma ya soko. Nilienda nikiwa na picha kwenye simu. Alizitazama kwa heshima, kisha akazisukuma kando.

"Mrembo, weka simu. Unabeba nini, na unakitoa mara ngapi?"

Hakuna muuzaji wa duka aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamweleza uzito, urefu wa kila kitu, nikamwonyesha kwa mikono. Akachukua turubai la kijani, lile la kufunikia mizigo ya malori, na vipande vya sponji vilivyobaki kwenye kazi ya magodoro. Nikamwomba aweke klipu za chuma ili niweze kutoa mkanda nikitaka. Akacheka.

"Umeona mama akimbeba mtoto kwa klipu? Si anafunga leso, inapita chini ya matako ya mtoto, inazunguka, inarudi. Mzigo unakaa ndani ya leso. Hauning'inii kwenye leso."

Na ndivyo alivyoshona. Mkanda wa begi langu haujashikizwa pembeni. Unaanza begani, unashuka upande mmoja, unapita chini ya begi lote, unapanda upande wa pili. Hata mshono mmoja ukiachia, mzigo bado umekaliwa. Baadaye nilisoma kuhusu Jim Domke, mpiga picha wa gazeti la Philadelphia Inquirer kule Marekani, ambaye miaka ya 1970 alichoka na mabegi magumu akabuni la turubai kwa ajili yake na wenzake. Begi lake likawa maarufu kwa waandishi wa habari dunia nzima. Na mkanda wake? Unazunguka begi lote kupitia chini. Mama wa nyuma ya soko hajawahi kusikia jina hilo. Yeye aliona leso.

Kisha akafanya jambo ambalo nawaomba mlifanye na begi lolote mtakalonunua. Alitumbukiza ndani mtungi wa lita kumi uliojaa maji, akalitundika begi kwenye msumari. Lita kumi ni kilo kumi, mara tatu ya mzigo wangu. "Uje kesho tuone kama mshono umelia." Kesho yake nilikuja. Mshono haukuwa umelia. Nilimlipa 1,800 na sikumwomba apunguze.

Sasa niwape niliyoyajifunza tangu hapo, kwa ufupi.

Velkro ni adui. Begi langu la zamani lilifungwa kwa velkro pale mbele. Siku moja kanisani, bwana harusi anavuta pumzi aseme ndiyo, mimi nikafungua begi. Kraaa! Kanisa zima likageuka. La sasa lina kifuniko kinachokunjwa na kitufe kimoja cha kamba. Halisemi kitu.

Jina kubwa ni tangazo. Begi lililoandikwa jina la kamera kwa herufi nyeupe linamwambia kila mtu steji kilichomo ndani. Langu linafanana na begi la fundi wa mabomba, na ninapanda nalo mathree jioni bila roho kunidunda. Mkanda huwa naupitisha kifuani, siuachi begani tu, na kwenye nduthi begi linakaa mbele yangu, kati yangu na dereva. Tangu siku ya Njoro sijawahi kuliacha likae mgongoni.

Chakula kikae mbali na lenzi. Pale Baboon Cliff ndani ya mbuga ya Ziwa Nakuru, nyani hawana haja na picha zako. Wanatafuta ndizi. Lakini ukiweka ndizi kwenye begi la lenzi, nyani hatakuuliza ipi ni ipi.

Mvua ina mambo mawili. La kwanza ni ile inayonyesha. Zamani tulikuwa tunafunika vitu kwa mifuko ya plastiki ya dukani, lakini ilipigwa marufuku Agosti 28, 2017, na mimi sina shida na hilo. Siku hizi natembea na kofia ya nailoni ya kuogea, inafunika kamera vizuri kabisa, na turubai linafanya kazi iliyobaki. Jambo la pili ni unyevu unaobaki ndani ukishafika nyumbani, na huo ndio unaoua polepole. Lenzi ikilala kwenye begi bichi inaota kuvu, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ndani ya kioo, na kuvu ikikaa sana inakula ule utando wa juu wa kioo. Ukirudi kutoka Molo na ukungu wake, au Bogoria ulikosimama karibu na mvuke wa chemchemi, toa kila kitu. Begi ni la safari, lenzi isilale humo. Zile pakiti ndogo zinazokuja kwenye viatu vipya, zenye chembe za kunyonya unyevu, usizitupe. Zitie kwenye kasha linalofunga vizuri, lenzi zilale humo.

Na nisiwadanganye kwamba begi langu halina kasoro. Ile sponji ya godoro ikilowa, inachukua siku mbili kukauka. Turubai lina uzito wake. Na ikifika saa tisa, bega la kulia linaniambia mambo, kwa hivyo nimejifunza kuhamisha mzigo kushoto kila nikimaliza sehemu moja ya sherehe: nyumbani kulia, kanisani kushoto, mapokezi kulia tena. Mkanda wake ni mpana kama vidole vinne, na bado nahisi. Mkiambiwa kuna begi la bega lisiloumiza bega, ujue anayewaambia anauza.

Deni la Mzee nililimaliza baada ya miezi saba. Nilimpelekea ya mwisho mkononi, sikutaka kutuma kwa simu. Alihesabu, akaweka kwenye droo, akaniomba begi. Nikamvulia. Alipitisha kidole chini yake, akaufuata mkanda mpaka upande wa pili, akanirudishia bila neno. Kwenye ukuta wa studio, kati ya picha za harusi za zamani, niliona kitu kidogo cheusi kimetundikwa kwa msumari. Ilikuwa ile klipu.

Nikajua somo limeisha, nikaaga. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita.

"Jumamosi una kazi wapi?"

"Gilgil, Mzee."

"Kanisani au bustanini?"

"Bustanini."

Akafungua kabati. "Basi utahitaji ile ndefu. Leta begi hapa."

Kwa hivyo ukiniuliza nilinunua wapi, hilo ndilo jibu. Nenda kwa fundi wa mtaani kwenu, mwambie unabeba nini na unakitoa mara ngapi. Akitaka kukuwekea klipu ya plastiki, mwambie kuhusu leso. Halafu litundike na maji usiku mzima kabla hujaweka ndani kitu cha mtu.